Afisa Tathmini wa Huduma za Wanafunzi: Mwongozo Kamili wa Kupanda Ngazi Bila Kuishia Kuwa Mtu wa Madodoso

Maswali ninayoulizwa kuhusu kazi hii yanafanana mno. Afisa tathmini katika idara ya huduma za wanafunzi ana vyeti vya kutosha, ripoti zake zinatoka kwa wakati, lakini kila nafasi ya juu ikitangazwa anapewa mwingine. Anajiandikisha kozi nyingine. Mwaka unapita, kiti ni kile kile.

Wengi wanakwama mahali pamoja. Wanaeleza vizuri walichosoma na walichokusanya, ila wakiulizwa ni uamuzi gani uliobadilika kwa sababu ya kazi yao, wanaanza kutafuta maneno. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba pengo hilo. Zifuate kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila moja inatumia kilichopatikana katika iliyotangulia.

## Andaa hivi kwanza

- Maelezo ya kazi yako kama yalivyoandikwa kwenye mkataba, pamoja na maelezo ya kazi ya cheo kilicho juu yako.
- Ripoti zako tatu za mwisho, hata kama huzipendi.
- Orodha ya umahiri wa watumishi wa huduma za wanafunzi iliyotolewa kwa pamoja na ACPA na NASPA, vyama vya Marekani vya watumishi wa huduma za wanafunzi vyuoni, mwaka 2015. Ina maeneo kumi, na moja kati ya hayo ni tathmini na utafiti. Ukipata na viwango vya ASK, ambavyo ACPA ilivitoa mahususi kwa stadi za tathmini, vizuri zaidi.
- Kalenda ya maamuzi ya taasisi: bajeti inapangwa lini, kamati zinakaa lini, ukaguzi wa ithibati unakuja lini.
- Programu ya kuchambua data. Excel inatosha kuanzia. Ukihitaji zaidi, R, jamovi na PSPP ni za bure.
- Saa mbili kila wiki zilizotengwa, na mkuu wako awe anazijua.

Hilo la mwisho usilipuuze. Kujiendeleza kwa kuibia muda hakudumu, na kunakunyima shahidi wa juhudi zako.

## Hatua ya 1: Jipime kwa kazi iliyofanyika

Orodha ya ACPA na NASPA inagawa kila umahiri katika ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Kosa la kawaida ni kuisoma ukijiwekea alama kwa hisia. Mtu akiona "uchambuzi wa data" anajipa ngazi ya kati kwa sababu alipata cheti.

Fanya hivi: chora jedwali la safu nne. Ya kwanza iwe stadi yenyewe, kwa mfano kuandika matokeo ya ujifunzaji yanayopimika, kutunga maswali, kuchagua sampuli, kuendesha mahojiano ya vikundi, kuchambua majibu ya maelezo, kuandaa rubriki (jedwali la vigezo vya kupimia kazi), kuwasilisha matokeo, kulinda taarifa za wanafunzi. Safu tatu zinazofuata ziwe "nafanya nikielekezwa", "nafanya mwenyewe" na "nimeshamfundisha mwingine".

Hairuhusiwi kuweka tiki. Kila mahali ambapo ungeweka tiki, andika jina la faili linalothibitisha. Hakuna faili, acha wazi.

Kisha chagua mapengo mawili tu ya kushughulikia mwaka huu, moja la kiufundi na moja la kushughulika na watu. Watu wa tathmini tuna tabia ya kukimbilia takwimu kwa sababu takwimu hazibishani nasi. Wanaopanda ni wale wanaoweza pia kukaa na mkuu wa kitengo aliyekasirika wakamweleza matokeo mabaya bila kumdhalilisha.

Utajua umefaulu mwenzako akionyesha mahali popote kwenye jedwali na kusema "nionyeshe", nawe ukafungua faili bila kutafuta.

## Hatua ya 2: Amua unaelekea wapi

Kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni ubingwa: unabaki kwenye data, unaingia ndani zaidi, na mara nyingi unahamia ofisi ya utafiti na mipango ya taasisi. Ya pili ni uongozi ndani ya huduma za wanafunzi, ambako tathmini inakuwa nyenzo mojawapo kati ya bajeti, watumishi na sera. Ya tatu ni kutoka: uhakiki wa ubora, ithibati, au ufuatiliaji na tathmini katika mashirika.

Usichague kwa kuota. Kusanya matangazo ya kazi kama kumi ya nafasi ambayo ungeitaka baada ya miaka mitano, kisha zungushia vitenzi: kuchambua, kusimamia, kushawishi, kuandika sera, kufundisha. Vitenzi vinavyojirudia ndivyo vinavyolipiwa mshahara. Sifa za elimu zitazame mwishoni, kwa maana shahada inayotajwa kama "ni faida ya ziada" haipaswi kukugharimu miaka miwili kabla hujaanza kuomba.

## Hatua ya 3: Ziba pengo la kiufundi kwa kutumia kazi iliyo mezani

Mafunzo yasiyo na kazi ya kuyabeba yanayeyuka. Kwa hiyo chagua kwanza mradi ulio mbele yako, ndipo utafute somo linalouhudumia. Mtandao wa Student Affairs Assessment Leaders umekuwa ukitoa kozi ya wazi ya bure mtandaoni kuhusu tathmini katika huduma za wanafunzi. Ni mahali pazuri pa kuanzia, ilimradi kila somo ulifanyie zoezi kwenye mradi wako halisi.

Kuna mambo matatu ambayo, nionavyo, yanatenganisha anayejua na anayebahatisha.

Maswali. Chukua swali ambalo linaonekana halina kasoro: "Je, umeridhika na usafi na usalama wa bweni lako?" Mwanafunzi anayelala kwenye bweni safi lenye kufuli mbovu atajibu nini? Akisema ndiyo, amedanganya kuhusu usalama. Akisema hapana, mkuu wa mabweni ataongeza wafagizi. Ligawe mara mbili. Kisha jiulize kama neno "umeridhika" linakupa chochote cha kufanyia kazi. "Katika siku saba zilizopita, kuna usiku ambao mlango wa bweni haukufungika?" ni swali ambalo fundi anaweza kulifanyia kazi kesho.

Kabla ya kusambaza dodoso, wakalishe wanafunzi watano, mmoja mmoja, walisome kwa sauti na kukueleza wanavyoelewa kila swali. Ni zoezi la mchana mmoja. Sijui kwa nini watu wengi huliruka.

Wasiojibu. Tuseme umewaandikia wanafunzi 600, wakajibu 150, na kati yao 120 wakasema huduma ni nzuri. Ripoti nyingi zingeandika "asilimia 80 ya wanafunzi wameridhika". Sivyo. Asilimia 80 ni ya waliojibu. Kama wote 450 walionyamaza hawajaridhika, walioridhika ni asilimia 20 ya wanafunzi wote. Kama wote wameridhika, ni asilimia 95. Ukweli uko mahali fulani kati ya hapo, na kazi yako ni kuupunguzia upana: linganisha waliojibu na wasiojibu kwa mwaka wa masomo, jinsia, kozi na makazi, uone nani hayupo.

Watu wa tathmini hupenda kutaja kwamba sampuli ya watu 400 hutoa kadirio linaloweza kukosea kwa takribani asilimia 5 juu au chini, na ya watu 100 takribani 10. Ni kweli kwa sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu na ikajibu. Haiwahusu 400 waliojitokeza wenyewe kwa sababu walikuwa na nafasi, au hasira.

Sababu na matokeo. Wanafunzi waliohudhuria programu ya ulezi wana alama za juu kuliko wasiohudhuria. Je, programu imefanya kazi? Huenda waliohudhuria ndio wale wale ambao wangefanya vizuri hata isingekuwepo. Linganisha alama zao za kabla ya programu. Tafuta wanafunzi walioomba wakakosa nafasi. Ukishindwa vyote, andika wazi kwamba unaona uhusiano na hujathibitisha kisababishi. Sentensi hiyo moja hukujengea heshima kwa watafiti wa chuo kuliko grafu nyingi za rangi.

Tahadhari: usianze na programu za kutengeneza dashibodi, yaani kurasa za chati zinazoonyesha takwimu kwa mtazamo mmoja. Zinavutia, zinaonekana upesi, na zitakufanya uwe fundi wa kubadilisha rangi za chati za watu wengine.

Utajua umefaulu ukichukua mojawapo ya ripoti zako tatu za zamani, ukaona kasoro zake mwenyewe, na ukaweza kuandika aya moja ya namna ambavyo ungeifanya sasa. Ihifadhi aya hiyo. Ni jibu zuri kwenye usaili.

## Hatua ya 4: Shika uamuzi mmoja, uufuate hadi mwisho

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote. Ukikosa muda wa hatua nyingine, usiiruke hii.

Fungua kalenda ya maamuzi. Tafuta uamuzi mmoja unaokuja, mdogo kiasi cha kuweza kubadilika na wenye mwenyewe anayejulikana. Saa za kituo cha ushauri nasaha. Ratiba ya wiki ya mafunzo elekezi. Idadi ya walezi wanafunzi kwa kila bweni. Usianze na "uzoefu wa mwanafunzi kwa ujumla". Uzoefu wa mwanafunzi kwa ujumla hauna mwenyewe.

Mwendee mwenye uamuzi kabla hujaandika swali hata moja, ukamuulize mambo mawili: "Tukigundua hivi, utafanya nini? Na tukigundua kinyume chake?" Kama majibu yote mawili ni yale yale, usikusanye data. Ameshaamua, na anachotaka kutoka kwako ni mhuri. Mshukuru, tafuta uamuzi mwingine.

Akijibu tofauti, andika majibu yake na umtumie kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Barua hiyo ndiyo itakayokukumbusha wewe na yeye, miezi mitatu baadaye, mlikubaliana nini.

Sasa angalia kama jibu halipo tayari. Daftari la miadi, kumbukumbu za kadi za kuingilia, ratiba za vipindi, orodha za mahudhurio: hivi vina habari ambazo hakuna dodoso litakalokupa, na havimchoshi mwanafunzi. Tuseme suala ni saa za kituo cha ushauri. Weka rejista ya miadi kando ya ratiba ya vipindi. Ukikuta kituo kinafunguliwa asubuhi, saa ambazo vitivo viwili vikubwa viko maabara, na wanafunzi wa vitivo hivyo ndio wanaoghairi miadi zaidi, una hoja nzito bila kuuliza mtu. Kilichobaki ni kuzungumza na wanafunzi wachache kujua kama ni saa tu au kuna jingine. Mara nyingi kuna jingine: mlango wa kituo unatazamana na mkahawa, na hakuna anayetaka kuonekana akiingia.

Matokeo yaandike kwenye ukurasa mmoja, kwa mpangilio huu: uamuzi unaosubiriwa, tulichokuta, tuna uhakika kiasi gani, chaguo mbili au tatu na gharama ya kila moja, na pendekezo lako. Maelezo ya mbinu yaende kwenye kiambatisho. Waamuzi hawayasomi, ila wanapenda kujua yapo.

Baada ya hapo wengi huacha. Usiache. Weka tarehe ya kurudi, wiki sita hadi nane baada ya uamuzi, kuona kama umetekelezwa, na tarehe nyingine ya kupima kama umeleta mabadiliko. Kama haukutekelezwa, uliza kwa nini na uandike sababu. Pendekezo lililokataliwa kwa sababu ya bajeti, likiandikwa vizuri, hurudi mezani bajeti inayofuata, likiwa na jina lako juu yake.

Tahadhari tatu. Kwanza, matokeo mabaya mwonyeshe mkuu wa kitengo husika kabla hayajaingia kikaoni. Usimwombe ruhusa ya kuyafuta. Mpe nafasi ya kuyaelewa na kuja na majibu. Ukimshtukiza mbele ya wakubwa zake, hutapata tena data kutoka kwake. Pili, usitoe takwimu za vikundi vidogo. Ukiandika kwamba kati ya wanafunzi watatu wa kike wenye ulemavu wa kuona kwenye kitivo fulani wawili walitafuta msaada wa afya ya akili, umewataja kwa majina. Weka kiwango cha chini, wengi hutumia watu watano au kumi, na ukisimamie hata kwa mkubwa wako. Tatu, data iliyokusanywa kuboresha huduma isigeuzwe kuwa utafiti wa kuchapishwa bila idhini ya kamati ya maadili. Omba idhini kabla ya kukusanya, maana baadaye mlango huwa umefungwa.

Utajua umefaulu ukiweza kumaliza sentensi hii bila kutia chumvi: "Kwa sababu ya kazi niliyofanya, fulani aliamua hivi, na sasa hali iko hivi."

## Hatua ya 5: Fungua jalada la kazi

Wasifu husema ulikuwa wapi. Jalada huonyesha ulichofanya ukiwa hapo. Kila mradi uupe ukurasa usiozidi mmoja. Mfano wa ingizo, kwa mradi ule wa kufikirika wa hatua iliyopita:

*Uamuzi:* Kubadilisha saa za kituo cha ushauri nasaha.
*Mwenye uamuzi:* Mkuu wa kituo.
*Nilichofanya:* Nililinganisha rejista ya miadi ya muhula mmoja na ratiba za vipindi. Nilihoji wanafunzi tisa.
*Nilichokuta:* Miadi ya asubuhi ndiyo iliyoghairiwa zaidi, hasa na wanafunzi wenye vipindi vya maabara. Wanne walitaja kuogopa kuonekana.
*Kilichobadilika:* Siku mbili zimehamishiwa jioni; mlango wa nyuma umefunguliwa.
*Mipaka:* Muhula mmoja tu. Sijui kuhusu waliokuwa hawajawahi kuomba miadi.
*Ningefanya tofauti:* Ningewahusisha walezi wanafunzi mapema.

Sehemu ya mipaka usiifute kwa hofu ya kuonekana dhaifu. Mwajiri anayejua kazi huitafuta kwanza.

Ondoa majina na kila kinachoweza kumtambulisha mwanafunzi, na uhakikishe taasisi inakuruhusu kutoka na nyaraka zake. Ukikatazwa, andika maelezo yako mwenyewe bila kuambatisha ripoti. Miradi mitatu iliyokamilika inatosha kwenda nayo kwenye usaili.

## Hatua ya 6: Jenga watu wako

Unahitaji watu wa aina tatu, na mara chache wote hupatikana kwa mtu mmoja.

Msomaji mkali: mwenzako wa taasisi nyingine au idara ya takwimu, atakayesoma dodoso lako kabla halijatoka na kukwambia ukweli. Mlipe kwa kumsomea ya kwake.

Mshauri wa kikazi: aliyekutangulia kwenye njia uliyochagua. Asiwe bosi wako. Siku utakayotaka kuondoka utahitaji mtu wa kuzungumza naye. Usimwendee kwa kumwomba "awe mshauri wako", maana ombi hilo linatisha. Mpelekee swali moja linalojibika kwa dakika ishirini, fanyia kazi jibu lake, kisha rudi umweleze lilivyokwenda. Wachache sana hurudi, na wanaorudi hukumbukwa.

Wa tatu ni wale unaowafundisha. Endesha kikao cha saa moja kwa maafisa wa mabweni, michezo au ushauri kuhusu kuandika maswali mazuri. Kinakupunguzia kazi, na kinajaza ile safu ya "nimeshamfundisha mwingine".

Kuna njia moja ya kujulikana ambayo haitangazwi: jitolee kutunza kalenda ya madodoso ya taasisi nzima. Wanafunzi wamechoshwa na madodoso yanayopishana, na kwa kawaida hakuna anayejua nani anauliza nini lini. Ni kazi isiyo na sifa. Ila anayeishika hupigiwa simu na kila idara kabla ya kukusanya chochote, na baada ya muda anakuwa mtu anayeijua taasisi kuliko wakuu wake wengi.

## Hatua ya 7: Omba, na uombe kwa wakati

Mazungumzo ya cheo yafanyike kabla bajeti ya watumishi haijafungwa. Baada ya hapo hata mkuu anayekupenda hana la kukusaidia.

Peleka ukurasa mmoja wenye mambo matatu: maamuzi uliyoyachangia, majukumu unayoyafanya sasa ambayo hayamo kwenye maelezo yako ya kazi, na unachoomba. Unachoomba kiwe kimoja. Unaweza kuanza hivi: "Mkuu, nimepitia maelezo yangu ya kazi na ninayoyafanya sasa. Naona yameachana mahali fulani. Naomba tuyapitie pamoja, na nina pendekezo." Halafu nyamaza umsikilize. Usijilinganishe na mwenzako kwa jina. Usitaje miaka uliyokaa, kwa sababu kukaa si hoja.

Kama jibu ni kwamba nafasi haipo, kuna vitu vingine vyenye thamani visivyohitaji nafasi mpya: kubadilishiwa jina la cheo, kiti kwenye kamati ya mipango, kasma ndogo ya mafunzo, au msaidizi wa muda. Kiti kwenye kamati ndicho ningekichagua mimi. Ukiwa ndani ya kikao unajua maamuzi yanayokuja miezi kadhaa kabla, na Hatua ya 4 inakuwa nyepesi mara mbili.

Tahadhari: ukiambiwa "subiri", uliza unasubiri nini na hadi lini, kisha mwandikie mkuu wako barua pepe fupi ya kumshukuru, ukirudia mlichokubaliana na tarehe yake. Tarehe hiyo ikipita bila jibu baada ya kukumbusha mara moja, rudi kwenye yale matangazo kumi ya kazi, chagua mawili unayoyakidhi kwa sehemu kubwa, na utume maombi ukiambatisha jalada lako.